Kadi za Mtandao kwa Kompyuta Kuukuu: Ipi Ununue Dodoma, Ipi Umwachie Fundi Mezani

Ukiulizia kadi ya mtandao ya kompyuta kuukuu kwa mafundi wa Dodoma mjini, utaletewa Realtek RTL8139. Ukiikataa utaletewa nyingine yenye boksi la rangi tofauti na jina usilolijua, ukiigeuza unakuta chipu ni RTL8139 ileile. "Zote zinapiga mia, mkuu," utaambiwa, na fundi haongopi: ukichomeka kebo, taa ya 100 (yaani Mbps 100) inawaka. Ila taa hiyo inaonyesha mwendo wa waya tu. Haikwambii prosesa inabebeshwa mzigo gani kila fremu, yaani kifurushi cha data, inapoingia, na kwenye Pentium II au K6-2 huo mzigo ndio unaoamua kama wakati wa kunakili faili mashine itaendelea kutumika au itaganda mpaka mshale wa mausi uruke.

Hukumu yetu tuitoe mapema kwa wenye haraka. Kwenye sloti ya PCI chukua 3Com 3C905B au 3C905C, au Intel PRO/100. Kwenye ISA, sloti ya zamani kuliko PCI, chukua 3Com 3C509B. RTL8139 ichukue kama mashine ina Pentium III ya MHz 600 kwenda juu na nyingine zimekosekana. RTL8029 usiichukue hata ukipewa kama nyongeza ya bure. Kadi za gigabiti zina mahali pake, ila si pale wauzaji wanapodhani.

Mashine zinazohusika hapa ni za 486 mpaka Pentium 4, na bado zipo kazini: kompyuta ya mizani kwenye ghala la nafaka, ile inayoendesha mashine ya kudarizi sare za shule, ile yenye programu ya hesabu ya DOS inayokataa kufunguka bila kile kifaa cha ulinzi kinachochomekwa kwenye LPT, mlango wa printa. Mwenye mashine hahitaji kuangalia video. Anachotaka ni faili la leo litoke humo lifike kwenye kompyuta ya ofisi bila kubeba flopi, maana flopi nzima sasa ni adimu kuliko kadi zenyewe.

Kabla ya kulaumu kadi, lijue dari lake. Fremu kubwa ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1,460 za data ya TCP, lakini ukijumlisha vichwa, alama za kuanzia na nafasi inayoachwa kati ya fremu na fremu, inakula baiti 1,538 za waya. Maana yake kwenye Mbps 100 huwezi kupata zaidi ya MB 11.8 na ushei kwa sekunde, na kwenye Mbps 10 dari ni MB 1.18. Anayekuahidi MB 12.5 amegawanya 100 kwa 8 akaishia hapo. Jambo jingine la kushika: Mbps 100 zikijaa fremu kubwa, ni zaidi ya fremu 8,000 kila sekunde. Kadi inayomwamsha prosesa kwa kila fremu inamwamsha mara 8,000.

Sasa tuiangalie RTL8139 kwa karibu, maana ndiyo iliyojaa mezani. Inaandika data kwenye RAM yenyewe bila kumsubiri prosesa, na kwa hilo inafanana na kadi za heshima. Tatizo ni mahali inapoiandika. Fremu zote zinazoingia inazimwaga kwenye bafa (hifadhi ya muda) moja ya mzunguko, zikiwa zimebanana moja nyuma ya nyingine, hivyo draiva haiwezi kumkabidhi mfumo fremu pale ilipo. Lazima iinakili baiti kwa baiti kwenda mahali pengine, halafu ndipo iachie nafasi. Kwenye kutuma kuna nafasi nne tu, na kila fremu lazima iwe kipande kimoja kinachoanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Isipokuwa hivyo, draiva inanakili tena. Bill Paul, aliyeandika draiva yake ya FreeBSD, aliitukana kadi hii ndani ya msimbo wenyewe kwa sababu hizohizo, akasema huwezi kupata mwendo wa maana wa Mbps 100 nayo mpaka uwe na kitu kama Pentium II ya MHz 400. Wakati huo hiyo ilikuwa prosesa ya kujionyesha.

Kwa hiyo kwenye Pentium ya MHz 133 yenye RAM ya EDO, 8139 itafanya kazi, taa itawaka, na faili litafika. Lakini prosesa itakuwa imekaa kwenye kunakili muda wote. Kama mashine hiyo hiyo inasoma mizani kupitia COM1, mlango wa serial, utaanza kuona herufi zinaruka kwenye usomaji wa uzito kila mtu anapovuta faili. Hapo watu hubadilisha kebo ya mizani, wakabadilisha mizani, kumbe mgonjwa ni kadi ya mtandao.

Tuipe haki yake pia. XP inaitambua bila kuulizwa, Linux inayo kwa jina la 8139too, na DOS ina draiva yake ya pakiti (inayounganisha programu za mtandao za DOS na kadi) iitwayo RTSPKT.COM. Haipati joto, haina maringo. Ukiona chipu imeandikwa 8139C+, yenye alama ya kujumlisha mwishoni, hiyo ni nyingine iliyopangwa vizuri zaidi, na Linux huiendesha kwa draiva tofauti, 8139cp. Ichukue. Lakini chunguza kwa tochi ya simu, kwa sababu bila ile alama ni 8139 ya kawaida.

RTL8029AS nayo inafanana na 8139 kwa umbo hadi muuzaji huichanganya bila nia mbaya. Hiyo ni NE2000, kadi ya zamani ya ISA, iliyovishwa sloti ya PCI: Mbps 10, na kila baiti prosesa anaichota mwenyewe. Soma chipu, usisome boksi.

3Com 3C905 ndiyo kadi ya kutafuta. Toleo la kwanza halina herufi mwishoni, likafuata 3C905B, kisha 3C905C. Zote huchukua orodha ya anwani kutoka kwenye draiva na kuiweka fremu moja kwa moja pale mfumo unapoihitaji. Hakuna kunakili kwa pili. B na C zinaongeza kukokotoa hesabu za uhakiki za IP na TCP ndani ya chipu, na Windows 2000 na XP zinajua kuitumia nafasi hiyo. Windows 98 haijui, kwa hiyo kwenye 98 tofauti ya 905 tupu na 905C ni ndogo; usilipie herufi ambayo mfumo wako hautaitumia. Kwa DOS draiva ni 3C90XPD.COM, na haina usumbufu.

Udhaifu wa 3Com ni kumbukumbu yake. Kadi hizi huhifadhi mipangilio ndani ya EEPROM, chipu isiyosahau umeme ukizimwa, na nyingi zinazofika nchini zilitolewa kwenye kompyuta za ofisi za nje ambako mtu alizifunga makusudi kwenye Mbps 10. Mnunuzi anachomeka, anaona taa ya 10, anairudisha akisema mbovu. Washa mashine kwa DOS tupu, fungua 3C90XCFG.EXE, rudisha aina ya muunganisho kwenye Auto, hifadhi, zima kabisa umeme na uwashe upya. Kuwasha upya kwa Ctrl+Alt+Del mara nyingine hakutoshi.

Intel PRO/100 iko sawa nayo, na kwenye Linux tunaipendelea kidogo. Angalia chipu 82557, 82558 au 82559. Hizo mbili za mwisho zinaweza kupakiwa maelekezo madogo na draiva ya e100 ili zikusanye fremu kadhaa ndipo zimwamshe prosesa mara moja, na kwenye mashine dhaifu hilo linaonekana kwa macho. Kadi zenye nembo ya Compaq au HP zisikutishe. Baadhi yake chini ya kibandiko ni 82558 au 82559. Draiva ya DOS inaitwa E100BPKT.COM.

Zilizobaki kwa ufupi: DEC 21140 na 21143 ni nzuri sana, ukiipata usiulize mara mbili. VIA Rhine, SiS 900 na Davicom DM9102 ziko daraja la 8139 au juu yake kidogo, na kutafuta draiva zake za Windows 98 kutakula siku nzima.

Gigabiti kwenye kompyuta kuukuu inauzwa kwa matumaini. Sloti ya PCI ya kawaida, biti 32 kwa MHz 33, ina MB 133 kwa sekunde kwa makaratasi, na zinagawanywa kati ya vifaa vyote vilivyomo. Gigabiti peke yake inataka MB 125. Kwenye bodi za Intel 440BX, diski kuu nayo inapita kwenye PCI hiyohiyo, kwa hiyo faili linalotoka mtandaoni kwenda diski linapita njia hiyo mara mbili. Na diski yenyewe ikiwa ni ya UDMA/33, dari lake ni MB 33 kabla hujaanza kulalamika. Juu ya hayo kuna kipimo cha zamani cha mafundi wa mitandao: Hz 1 ya prosesa kwa kila biti 1 ya TCP kwa sekunde. Pentium III ya MHz 500 kwa kipimo hicho inafika nusu ya gigabiti ikiwa haifanyi kingine chochote.

Hata hivyo kuna pale inapofaa. Pentium 4 au Pentium III ya GHz 1 inayotumika kuhifadhi nakala za faili za ofisi itanufaika na Intel PRO/1000 GT, yenye chipu 82541PI, kwa sababu kuivuka MB 11.8 tu ni faida tosha. RTL8169 ni ya bei nafuu na si mbaya kama ndugu yake mdogo, ina mpangilio wa kisasa wa anwani. Kabla ya kulipia yoyote kati ya hizo, angalia bodi mama. Bodi za AT, zile zenye plagi mbili za umeme P8 na P9, nyingi hazipeleki volti 3.3 kwenye sloti za PCI, na kadi nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zinaitegemea volti hiyo. Dalili yake: mashine inawaka vizuri, kadi haionekani kabisa kwenye orodha ya BIOS, na hakuna kilichoungua. Mtu anaweza kubadilisha kadi tatu hivyo. Pima kwa mita kwenye sloti kabla ya kununua, au chagua kadi yenye kirekebisha volti chake, kile kidude cheusi chenye miguu mitatu karibu na ukingo.

Tukija kwenye ISA, hapa ndipo uchaguzi unapouma zaidi, kwa sababu mashine ni dhaifu na nafasi ya kukosea ni kubwa. Kadi nyingi za ISA utakazookota ni nakala za NE2000, na ya kawaida kabisa ina chipu RTL8019AS. Ina bafa ya KB 16 ndani yake. Fremu inaingia kwenye bafa, kadi inampigia prosesa, prosesa anaandika anwani na idadi kwenye rejista, kisha anachota data kupitia mlango mmoja, baiti 2 kwa kila tendo. Fanya hesabu: ukikadiria basi la ISA linampa MB 2 kwa sekunde, fremu ya baiti 1,518 inachukua kama milisekunde 0.76 kuchotwa. Fremu hiyo ilitumia milisekunde 1.2 kupita kwenye waya. Ina maana zaidi ya nusu ya muda wa 486 yako unaishia kuchota, na bado TCP haijahesabu uhakiki wala diski haijaandikwa. Prosesa akichelewa, bafa inafurika baada ya fremu kama tisa, na chipu za ukoo huu zikifurika lazima draiva izizime na kuziwasha upya. Fremu zilizopotea zinatumwa tena. Mtu anaona mwendo unapanda na kushuka kama pumzi, anasema mtandao unasumbua.

3C509B nayo ni Mbps 10 na nayo inachotwa na prosesa, kwa hiyo usitegemee muujiza. Tofauti ni kwamba haina ule utaratibu wa kuandika anwani kwanza. Data inatoka kwenye foleni moja kwa moja, na kadi inaweza kumwamsha prosesa kabla fremu haijamaliza kuingia ili uchotaji uanze mapema. Kwenye 486 hiyo peke yake inatosha kuisogeza karibu na dari la waya na kuacha pumzi ya kufanya kitu kingine. Hakikisha ni 509B. 509 ya kwanza foleni yake ni KB 4, B ni KB 8.

Kuna pia 3C515, ISA ya Mbps 100. Ni kitu cha mkusanyaji. Basi la ISA halina uwezo wa kuijaza, na bei yake nje ni ya kushangaza. Kama mashine yako inakuuma kiasi hicho, tafuta bodi yenye PCI.

Kufunga 3C509B vizuri: zima, ingiza kadi, washa kwa DOS bila kupakia viongezo vyovyote, endesha 3C5X9CFG.EXE. Kwanza ondoa plagi-na-cheza, vinginevyo BIOS na kadi zitavutana kila ukiwasha. Weka anwani 300h na IRQ 10 (IRQ ni namba ya laini ambayo kadi humwitia prosesa). Kwenye muunganisho chagua TP (tundu la RJ45), kwa sababu kadi hizi nyingi zina matundu matatu na ya mwisho kutumika ilikuwa BNC, lile la kebo ya duara ya zamani. Kuna zinazotafuta zenyewe na kuna zinazokaa pale zilipoachwa. Full Duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) iache imezimwa. Kisha ingia BIOS, kwenye ukurasa wa PCI/PnP itenge IRQ 10 kwa ajili ya Legacy ISA, na pale panapouliza kama mfumo ni wa PnP jibu No. Ukirudi DOS:

3C5X9PD 0x60
SET MTCPCFG=C:\MTCP\TCP.CFG
DHCP

Faili la TCP.CFG linahitaji mstari mmoja tu wa kuanzia, PACKETINT 0x60. Programu za mTCP za Michael Brutman zitakupa FTP, ping, na hata kuiweka saa ya mashine sawa, na hiyo saa kwa kompyuta ya mizani yenye betri iliyokufa ni neema kubwa kuliko mtandao wenyewe.

Kwa NE2000 amri ni NE2000 0x60 10 0x300, na RTL8019AS inapangwa kwa RSET8019.EXE. Angalia mambo mawili. IRQ 3, ambayo kadi nyingi huja nayo, ni ya COM2. Mausi au mizani ikiwa hapo, kimoja kitakufa. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. NE2000 inakalia milango 32 mfululizo. Ukiiweka 360h inafika mpaka 37Fh, na LPT1 iko 378h ndani yake. Mtandao utafanya kazi, printa ya Epson itaanza kutema herufi za ajabu, na ile programu yenye kifaa cha ulinzi kwenye LPT itasema kifaa hakipo. Iweke 300h au 320h, mambo yaishe.

Faida ya pembeni ya kadi za ISA ni lile tundu tupu la boot ROM la pini 28. Ukichoma XTIDE Universal BIOS ya KB 8 kwenye EEPROM ya 28C64 na kuichomeka hapo, 486 iliyokwama kwenye kikomo cha MB 504 cha diski itaanza kukubali kadi kubwa za kumbukumbu za CF zinazotumika kama diski. Iwashe kwenye 3C5X9CFG kwa kuchagua ukubwa na anwani, D000 kwa mfano. Kadi moja imetatua matatizo mawili.

Hitilafu inayopoteza muda wa watu kuliko zote haimo kwenye kadi wala swichi, ni kutoelewana kati yao. Mtu anasikia kwamba full duplex ni haraka zaidi, anaifunga kadi kwenye 100 Full. Swichi upande wa pili imeachwa ijipange yenyewe. Haisikii jibu, hivyo inajiweka half duplex (kutuma na kupokea kwa zamu) kama kanuni inavyosema. Ping zinapita bila kasoro. Ukifungua faili kubwa, mwendo unashuka kutoka MB hadi kuhesabiwa kwa KB kwa sekunde, maana upande mmoja unatuma wakati wowote na mwingine unahesabu kila kukutana kuwa mgongano. Dawa ni kuacha pande zote mbili zijipange, au kuzifunga zote mbili. Swichi za bei nafuu hazifungiki, kwa hiyo kwa wengi jibu ni Auto. Na kama ofisi imenunua swichi ya Mbps 2,500, soma maelezo yake kwanza: baadhi ya milango hiyo haikubali tena Mbps 10, na 3C509B yako itakaa gizani. Kipande kidogo cha swichi ya 10/100 katikati kinamaliza tatizo.

Kwa Windows 98 kuna kitu kimoja cha kugusa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), HKLM\System\CurrentControlSet\Services\VxD\MSTCP, thamani ya maandishi DefaultRcvWindow, yaani baiti ngapi zinaweza kutumwa kabla ya kusubiri jibu. Ikiachwa ni 8192. Ndani ya jengo haileti shida kubwa, ila faili likitoka seva ya Ulaya na safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 200, baiti 8,192 kwa kila safari ni KB 40 tu kwa sekunde, hata ukiwa na mkongo wa bei gani. Ukiweka 65535 inafika kama KB 320. Fanya hivyo kwenye 905 au PRO/100. Kwenye NE2000 acha: 8,192 inaingia ndani ya bafa ya KB 16, 65,535 haiingii, na utakuwa umejitengenezea mafuriko yaliyoelezwa juu.

Wenye bodi za VIA zenye chipu ya kusini (inayosimamia diski) 686B wawe na tahadhari ya pekee. Chipu hiyo inajulikana kwa kuharibu data pale PCI inapolemewa na diski iko kwenye UDMA. Weka kwanza kiraka cha VIA, ndipo unakili mafaili ya thamani.

Kupima: usipime kwa kunakili faili kwenye diski, maana utakuwa unapima diski. Kwenye DOS tengeneza diski ya RAM, vuta faili la MB 2 au 4 kwa FTP kwenda humo, na programu ya FTP itakwambia mwendo. Kwenye XP na Linux tumia iperf, programu ya kupima mwendo wa mtandao, kila upande kwa zamu, huku umefungua orodha ya matumizi ya prosesa. Namba mbili zisomwe pamoja. Kadi inayotoa MB 9 na kumwachia prosesa nusu ya nguvu ni bora kuliko inayotoa 10 na kummaliza.

Kuhusu kushirikisha mafaili, Windows 98 na XP zinazungumza SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili, iliyozimwa kwenye Windows za sasa kwa sababu nzuri. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita hapo. Usiiwashe kwenye kompyuta ya mhasibu kwa ajili ya mashine moja ya mizani. Weka FTP kwenye kikompyuta cha Linux katikati, kuukuu iingize faili upande mmoja, ofisi ichukue upande wa pili, na rauta isiipe kuukuu njia ya kutoka kwenda intaneti.

Ukiwa mezani kwa fundi, kagua hivi. Chukua mita, iweke kwenye ohm, gusa pini 1 na 2 ndani ya tundu la RJ45, kisha 3 na 6. Kila jozi isome ohm chache tu. Ikisoma wazi kabisa, transfoma ndogo ya ndani imekatika, na Dodoma sababu yake kwa kawaida ni radi. Tazama kile kiboksi cheusi nyuma ya tundu kama kimepasuka au kina alama ya moshi. Vumbi jekundu kwenye vidole vya dhahabu halimaanishi ubovu: futa kwa raba nyeupe ya penseli, malizia kwa pamba yenye spiriti, na sloti yenyewe ipulizwe. Miezi ya kiangazi hewa ya hapa ni kavu na umeme tuli ni mwingi, shika fremu ya chuma ya kasha kabla ya kuishika kadi.

Kadi zinazotumwa kutoka Kariakoo kwa basi omba zifungwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, si gazeti, na omba picha ya chipu kabla ya kutuma hela. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya chipu anauza 8139.

Radi inahitaji maneno yake. Mvua za hapa huanza kati ya Novemba na Desemba zikaisha Aprili, na kebo ya shaba iliyovutwa juu kwa juu kutoka jengo moja kwenda jingine ni antena. Transfoma ya kadi imetengenezwa kuhimili volti 1,500, radi inayopiga jirani inapita hapo bila kubisha hodi. Kulipia kinga ya soketi ya ukutani hakuisaidii kadi, kwa sababu mshtuko unaingia kwa RJ45. Kama kibanda cha mizani kiko mbali na ofisi, pitisha faiba na vigeuzi viwili mwishoni. Kwa 905 au PRO/100 vigeuzi vya kawaida vya Mbps 100 vinatosha. Kwa 3C509B tanguliza ile swichi ndogo ya 10/100 upande wa mizani, kwa sababu vigeuzi vingi vya faiba havijui Mbps 10.